Mitufaha ya Wake Wawili

Marehemu mume wetu alipanda mitufaha kwa kufikiria uadilifu kwanza, kilimo baadaye. Shamba letu liko upande wa juu wa mji wa Isiolo, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Meru. Upande mmoja una udongo mwekundu mzuri, upande wa pili una mawe, na juu kabisa unapita mtaro wa maji. Alikuwa na wake wawili na alijua kwamba siku moja ataulizwa juu yetu, kwa hiyo hakuthubutu kusema upande huu ni wa fulani na ule ni wa fulani. Alichora mistari kutoka mtaroni hadi chini kwenye ua wa miiba: mstari wangu, mstari wa mke mwenzangu, wangu tena, wake tena, mpaka shamba likaisha. Kila mmoja wetu akapata udongo wake na mawe yake, miti inayokunywa maji kwanza na ile inayokunywa mwisho.

Watu walimcheka. Tufaha kwao lilikuwa tunda la dukani, la nchi za baridi. Yeye alileta miche ya aina inayovumilia joto, akaitunza kama mgonjwa, na Mwenyezi Mungu akaijalia ikazaa. Alikufa kabla ya kuchoka nayo. Tuliobaki kuchoka ni sisi.

Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza mti. Baada ya mavuno tunaukwanyua majani yote kwa mkono ili udhani umelala, kisha unaamka na kutoa maua. Maua yakifunga, kila kishada kinatoa vitunda vitano, sita, vimebanana kama watoto kwenye kitanda kimoja. Ukiviacha vyote, vinabaki vidogo na vichungu, matawi yanavunjika, na mwaka unaofuata mti unakaa kimya kwa uchovu wake. Kwa hiyo ni lazima kuvipunguza. Unashika kishada, unaacha kitunda kimoja chenye afya, unavunja vingine na kuviacha vianguke. Halafu kishada cha pili. Halafu cha tatu. Mti mmoja una vishada vingi kuliko nywele zangu zilizobaki, na mikono inakaa juu ya kichwa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri.

Nilipokuwa na nguvu niliifanya kazi hiyo nikisoma nyiradi, kishada kwa tasbihi, na sikuona siku ilivyopita. Miaka hii ya karibuni nilikuwa nasoma ili nisilie.

Mke mwenzangu ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini ndiye aliyeumia kwanza. Bega lake la kulia liliganda. Akiinua mkono kufikia tawi, unasikia bega likilia kama bawaba. Yeye ni Mborana wa Merti, mrefu, mwenye maneno mengi. Mimi ni wa familia za Kisomali zilizoletwa hapa na babu zetu askari, nimesomeshwa dini na baba yangu tangu utotoni, na kwa miaka mingi nimesomesha wanawake Qurani katika nyumba moja kule Kiwanjani. Yeye huniita abayo, yaani dada, kama wanavyoitana wanawake wa kwetu. Mimi humwita mdogo wangu. Hatukuanza hivyo. Lakini mume akishakufa, wivu unakosa chakula, na tuliobaki ndani ya ua mmoja tulijikuta tunapika sufuria moja.

Mwana mkubwa wa mdogo wangu anafanya biashara ya mbuzi Merti na ana pikapu yake. Alianza kusema kwamba mama yake amechoka na sasa akae kwake, anywe maziwa na apumzike. Kila alipokuja alisema tena. Kijana mwenye adabu, hakuinua sauti hata siku moja, na kwa sababu hiyo maneno yake yalikuwa mazito.

"Aayo, mama yangu, bega hiyo itakufa huku," alimwambia.

"Nitaangalia kwanza haya matunda," yeye akajibu. "Mitufaha ikizaa, tutaongea."

Nilikuwa natandika mkeka nje ya mlango nikasikia. Sikumwambia mtu, lakini tangu siku ile nilikuwa na dua moja tu ya ziada baada ya kila swala: kazi ile iwe nyepesi, ili asiwe na sababu ya kwenda. Nilikuwa mtu mzima wa kutosha kujua jinsi nyumba inavyokuwa mtu akibaki na sauti yake peke yake.

Ndipo akaja afisa wa kilimo. Alikuwa mama wa makamo kutoka nyanda za juu, Mkristo, anavaa gambuti na kofia ya kusuka, na pampu ya dawa aliibeba mgongoni mwake mwenyewe. Alisema kuna dawa ambayo ukiipiga vitunda vikiwa vichanga, mti wenyewe unaangusha vya ziada na kubaki na vinavyotosha. Kwingine wanaitumia kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba maelekezo yake yaliandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Kwenye joto dawa hukasirika, inaweza kuangusha kila kitu. Kwa hiyo alitaka kuijaribu hapa, kwenye jua letu, ajue ni kipimo gani kinatufaa.

Mdogo wangu alimsikiliza, mkono wa kushoto ukilikanda bega la kulia.

"Kwa hivyo mti itatupa matunda yenyewe? Bila mimi?"

"Bila wewe, mama."

"Na abayo hapa amekataa kuuzia broka matunda ikiwa kijani juu ya mti, anasema dini haitaki, mpaka ianze kuiva. Sasa mnataka kutupa chini hiyo kijani na yeye amenyamaza." Akanigeukia. "Sema kitu, mwalimu."

"Kuuza kitu ambacho hujui kama kitafika ni kumdanganya mnunuzi," nikasema. "Kupunguza ili vingine vifike ni malezi."

"Ona," akamwambia afisa. "Yeye ana jibu ya kila kitu isipokuwa chumvi. Chumvi huwa anasahau."

Afisa alicheka mpaka akatua pampu chini.

Alitueleza utaratibu wake kwa subira. Miti mingine itapata kipimo kamili, mingine nusu kipimo, na mingine haitapigwa kitu. Hiyo isiyopigwa, alisema, ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu mti huwa unaangusha vitunda vingine wenyewe, na bila kulinganisha hatutajua ni dawa iliyofanya kazi au ni mti. Kisha akapiga kura kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia yake, kwa sababu hakutaka kuchagua kwa macho. Kila mti ukapata utepe: mwekundu kwa kipimo kamili, bluu kwa nusu, mweupe kwa ile ya kuachwa.

Hakujua habari ya mistari. Hatukumwambia, kwa maana sisi wenyewe hatuisemi, tunaijua tu kama mtu anavyojua upande wake wa kitanda. Kura ikaanguka ilivyotaka. Utepe mweupe, karibu wote, ukaenda kwenye miti yangu. Ya mdogo wangu ikajaa bluu na nyekundu.

Nilimwona akitembea kati ya mistari, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, midomo imebanwa.

"Hii si haki," akasema.

"Ni kura."

"Kura ama si kura. Yangu itapunguzwa na dawa, na yako utapunguza na hizo mikono? Marehemu angekubali?"

"Marehemu hayuko. Tuliahidi kumwachia afisa kazi yake."

Akaondoka. Nilidhani ameridhika. Katika nyumba yetu, lolote lililoingia liligawanywa mara mbili, hata kama ni mkate mmoja, na aliyegawanya hakuwa mwenye kuchagua. Nilipaswa kukumbuka kwamba desturi kama hiyo haimtoki mtu kwa sababu ya kofia yenye karatasi.

Tulisubiri vitunda vifikie ukubwa wa punje ya tasbihi. Asubuhi ile afisa alifika mapema, wakati bado kuna ubaridi na upepo haujaamka. Alivaa glavu na kitambaa usoni, akapiga dawa mti kwa mti, bila haraka, na sisi tukatazama kutoka uani. Alianza na nusu kipimo, akamalizia na kipimo kamili. Alipomaliza, jua lilikuwa limeanza kuuma. Kulikuwa na dawa iliyobaki ndani ya pampu. Akatuonyesha shimo alilochimba mbali na mtaro, akasema imwagwe humo kisha lifukiwe, naye angeimwaga mwenyewe, lakini simu yake ikalia, akaitwa shamba lingine.

"Nenda, madam, mimi nitamwaga," mdogo wangu akasema. Akamimina dawa kwenye ndoo, na afisa akaondoka na pampu yake.

Mimi nilikuwa na darasa Kiwanjani. Nikajifunga mtandio nikaenda. Siku ile tulisoma aya chache tu, kwa sababu mmoja wa wanafunzi wangu, bibi mkubwa kuliko mimi, alikuwa na shida ya kutamka herufi moja na hatukutaka kumwacha nyuma. Nilirudi alasiri, miguu imevimba. Mdogo wangu alikuwa amelala kivulini, ndoo imeoshwa, shimo limefukiwa. Nilimshukuru Mungu kwa mtu anayefanya anachosema. Nikalala pia.

Afisa alirudi baada ya siku kadhaa, nami nikafuatana naye. Kwenye miti ya utepe wa bluu vitunda vilikuwa vinaanguka taratibu, kishada kinabaki na kimoja au viwili, kama vile mkono wangu ulivyofanya nilipokuwa na nguvu. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Kwenye nyekundu vilianguka zaidi, baadhi ya matawi yalibaki matupu. Afisa alitikisa kichwa: kipimo kile ni kikali kwa joto la hapa.

Kisha tukafika kwenye miti yangu ya utepe mweupe, ambayo haikupigwa kitu. Chini yake ardhi ilikuwa kijani. Vitunda vimetapakaa kama shanga zilizokatika uzi, na majani mengine yamejikunja, yameungua pembeni. Juu karibu hakukuwa na kitu.

Afisa aliokota jani lililoungua, akaligeuza.

"Mama, hapa kumetokea nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu alisema nyuma yetu, "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilipatia yake pia. Ile ilibaki kwa ndoo."

"Kwa pampu gani?"

"Pampu ya nini? Nilikata matawi ya majani, nikachovya, nikanyunyiza. Hivi." Akaonyesha kwa mkono wa kushoto, mrusho mpana wa polepole. Niliutambua. Aliwahi kuniambia jinsi mama yake alivyokuwa akichovya nyasi kwenye maziwa na kuyanyunyiza kwenye lango la boma, kubariki mifugo inapotoka. Alikuwa ameibariki miti yangu kwa kipimo kamili, jua likiwa la utosi.

"Saa ya jua kali?" afisa akauliza. "Bila glavu? Ulinawa mikono?"

"Nilinawa. Nilioga hata. Mimi si mtoto."

"Mama, hii ndiyo miti nilisema isiguswe!"

"Ulisema. Lakini hukusema ni ya nani."

Afisa alifunga macho kidogo. Nilidhani atatukana, na nisingemlaumu. Alivua kofia, akajipangusa uso nayo, akakaa juu ya jiwe. Tulimweleza habari ya mistari, tukipokezana, hadi akaelewa. Alisema kwamba sasa hana cha kulinganisha. Nusu kipimo kinaonekana kizuri kwa macho, lakini hawezi kuwaambia wakulima wengine kwa macho tu. Itabidi kurudia msimu ujao, na safari ile atapiga kura ndani ya kila mstari, mke kwa mke.

"Basi angalau tumekufundisha kitu," mdogo wangu akasema.

"Mmenifundisha nisiache ndoo," afisa akajibu, na hapo tukacheka wote, kicheko cha watu waliochoka.

Jioni ile nilimkanda bega kwa mafuta ya simsim ya moto, kama nilivyokuwa nikifanya kila siku. Nilikuwa na kinyongo kidogo. Miti yangu ilikuwa imebaki mitupu, na mavuno ya mwaka yalikuwa yamelala chini. Lakini lililonisumbua zaidi ni kwamba sikumwelewa.

"Mdogo wangu, ulijua kwamba ya kwangu nitaipunguza mwenyewe. Nimeifanya kazi hii miaka yote. Kwa nini hukuniachia?"

Alikuwa amenipa mgongo. Hakugeuka.

"Miaka yote tulikuwa wawili," akasema. "Wewe unapunguza chini, mimi mrefu napunguza juu. Sasa juu nani atakufikia?"

Mikono yangu ikasimama juu ya bega lake.

"Nilitaka yako ikuwe nyepesi kabla sijaenda," akasema. "Nikiona tu hiyo dawa, nilisema, Rabbi ameleta mtu wa kufanya kazi yangu. Sitakuacha na miti nzito."

Nilikuwa nimeomba dua kwa miezi ili dawa ifaulu asiende. Yeye alikuwa akiomba ifaulu ili aweze kwenda. Dua zote mbili zilipanda kutoka mikeka miwili katika ua mmoja, na Mwenye kusikia alizisikia zote. Niliendelea kukanda. Baadaye nilimwambia tu kwamba bega limepungua joto, naye akasema ndiyo, limepungua.

Msimu ule alikaa mpaka mwisho, kama alivyoahidi. Matufaha ya utepe wa bluu yalinona, mekundu upande wa jua, makubwa kuliko yote tuliyowahi kuvuna. Karibu yote yalikuwa yake kwa mujibu wa mistari. Aliyagawanya mafungu mawili bila kuuliza, akasogea pembeni akanisubiri nichague. Nilichukua fungu lililokuwa karibu na miguu yangu. Alilalamika kwamba nimechukua dogo kwa makusudi, nami nikamwambia anyamaze, anawatia watu wa Merti aibu.

Mwanawe alikuja na pikapu asubuhi moja baada ya swala. Hakukuwa na vitu vingi: sanduku la bati, mikeka, birika, mbuzi wawili waliofungwa miguu. Tulisameheana mlangoni, kama inavyopasa. Mimi nilimwomba anisamehe miaka ya mwanzo. Yeye akaniomba nimsamehe miaka ya mwanzo na ya katikati.

"Na ya mwisho?" nikauliza.

"Ya mwisho nilikuwa mzuri."

Alipanda mbele kwa shida. Mwanawe akamshika mkono, akamwambia, "Pole pole, aayo," na nikaona kwamba atatunzwa. Hilo lilikuwa jambo la kushukuru, nami nilishukuru. Moyo unaweza kushukuru na kuuma kwa wakati mmoja. Pikapu ilipotoweka nilirudi ndani, nikatia chai ya watu wawili, nikainywa yote ili isimwagwe.

Tulikwanyua majani tena, mimi na vibarua wawili. Maua yakaja, yakafunga. Afisa alirudi na kofia yake na karatasi, akapiga kura mstari kwa mstari. Nilimsimulia kila mti ni wa nani, ingawa mwenye nusu yake hayupo. Dawa iliyobaki aliimwaga mwenyewe na kulifukia shimo kwa gambuti yake.

"Mama, hii myeupe ni kazi yako sasa," akasema kabla ya kuondoka. "Ukishahesabu vitunda itakavyoangusha yenyewe, utapunguza vilivyobaki kwa mkono. Utaweza?"

"Tutajaribu," nikasema.

Ndiyo kazi niliyo nayo wiki hii. Naanza baada ya swala ya asubuhi na kuacha jua likifika utosini. Matawi ya chini si neno. Ya juu nayavuta kwa fimbo yenye ndoano, nayashika kwa mkono mmoja, napunguza kwa mwingine. Si haraka. Vishada vingine vinanishinda na ninaviacha, Mungu anavijua.

Jana simu ililia nikiwa katikati ya mti. Niliifungulia sauti na kuiweka kwenye panda ya tawi.

"Salaam aleikum, abayo. Huku ni joto, hata mbuzi wamelala kwa maji. Umefika wapi?"

"Mstari wako wa kwanza."

"Usifanye yangu kwanza! Fanya yako."

"Yako ndiyo iko karibu na mlango."

"Na juu unafikia?"

"Nafikia."

"Unadanganya. Nasikia unavyopumua."

Nikasikia upepo wa huko kwenye simu, na mtoto akiomba uji. Kisha akaanza kunisimulia habari za wakwe zake, mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza kitu. Nami niliendelea kuvunja vitunda, vikidondoka kimoja kimoja kwenye majani makavu, mpaka salio lake likaisha.